Koti la Marehemu: Vampaya Wawili na Toba Zao

Mpwa wangu, ambaye hushusha tangawizi kutoka Mamba hadi mjini Same, ana hoja moja aliyonichosha nayo mwaka mzima. Asema kwamba kati ya wale vampaya wawili waliotubu katika tamthilia za Kimarekani, Spike ni mbora kuliko Angel, kwa kuwa Angel alitiwa roho kwa nguvu, ilhali Spike aliitafuta mwenyewe. "Mjomba," huniambia, "aliyeburutwa kwenda kusali na aliyeamka alfajiri kwa hiari yake, watakuwa sawa?" Hoja hiyo ni tamu, nayo haina uchache wa wafuasi. Nimeisikia hata kwa watunzi wenzangu, watu wa makamo, ambao hawangekiri hadharani kwamba waliwahi kuzitazama picha hizo. Nami naipinga, na nitaeleza sababu.

Kwa msomaji ambaye hakubahatika kuzitazama, kisa chenyewe ni hiki. Tamthilia ya kwanza, Buffy the Vampire Slayer, ilionyeshwa tangu mwaka 1997 hadi 2003. Ya pili, Angel, ikaanza mwaka 1999 na kukoma mwaka 2004. Angel alikuwa kijana mlevi wa Galway, Ireland, aliyegeuzwa vampaya mwaka 1753, akaua kwa ustadi na kwa raha kwa karibu miaka mia na hamsini. Mwaka 1898 alimuua binti wa kabila la Waroma. Ndugu za marehemu hawakumchoma mti wa kifuani, walimwapiza. Walimrudishia roho, ili kila uso aliopata kuuua umrudie usiku na mchana.

Spike naye, ambaye jina lake la kuzaliwa ni William, alikuwa mtunzi wa mashairi. Naam, mwenzetu, tena mtunzi mbovu. Beti alizomtungia mwanamke aliyempenda zilinyakuliwa na kusomwa mbele ya watu wa London, wakamcheka. Mwanamke mwenyewe akamwambia kwamba yu chini yake. Usiku huo wa mwaka 1880 akatoka akilia, akaangukia meno ya Drusilla. Baada ya zaidi ya miaka mia akampenda Buffy, mwindaji wa vampaya, akajaribu kumnajisi, na kwa aibu ya tendo hilo akasafiri kwenda kuitafuta roho, ili awe mtu anayemstahili. Hayo yalionyeshwa mwaka 2002.

Basi mmoja alisukumwa na laana, mwingine na penzi. Sisi watu wa mashairi tumeinamia upande wa penzi tangu ujana, na hapo ndipo tunapodanganyika.

Kwanza niseme neno la mfasiri. Kitu walichokipata hawa wawili Waingereza hukiita kwa neno ambalo sisi tumezoea kulifasiri "roho". Lakini kwa Kiswahili hata katili ana roho. Ndiyo maana twasema ana roho mbaya, au roho ya kutu. Vampaya huyu hutembea, huzungumza, hupenda na kuona wivu, roho anayo. Alichokosa ni dhamiri, ile nafsi yenye kujilaumu ambayo walimu wa dini wametufundisha kuitaja. Tukifasiri hivyo, hoja ya mpwa wangu yaanza kuyumba. Ni nani kati yetu aliyeiomba dhamiri yake? Wengi tuliipata kama Angel alivyoipata: kwa aibu, kwa kiboko, kwa jicho la mama, kwa kauli ya mzee aliyenuna. Yule mmisionari wa Mbaga, Jakob Janssen Dannholz, aliandika kitabu juu ya imani za Wapare, na tafsiri yake ya Kiingereza, iitwayo Lute, imeziweka laana na baraka bega kwa bega katika jina lake. Wazee wa milimani hawangeshangaa kusikia kwamba laana ilimfanya mtu kuwa mtu.

Hata hivyo, simtetei Angel kwa kuwa alilaaniwa. Laana ilimpa majuto, na majuto ni mjukuu. Toba ni jambo jingine. Karibu miaka mia baada ya kuapizwa alijificha, na mwaka 1996 tunamkuta katika vichochoro vya New York akila panya. Alijichukia sana, wala hakumfaa mtu. Kujichukia ni aina nyingine ya kujishughulikia.

Kipimo ninachokitaka msomaji wa visiwani anakijua kuliko mimi. Masharti ya toba tuliyafundishwa chuoni tukiwa wadogo: kuliacha kosa, kulijutia, kuazimia kutolirudia. Na kosa likiwa limemgusa mja, lipo sharti la nne: kumrudishia mwenye haki haki yake. Wapenzi wa Spike huyahesabu matatu ya mwanzo na kulisahau la nne.

Tazameni mwaka 2003. Spike ameshapata roho yake ya hiari. Anakutana na Robin Wood, ambaye mama yake, Nikki, aliuawa na Spike huyohuyo mjini New York mwaka 1977. Ni kweli kwamba Wood alimwekea mtego wa kumuua. Lakini Spike, baada ya kushinda, hakumpa mwana wa marehemu hata neno la udhuru. Alimwambia kwamba mama yake alikuwa mwindaji na vita ni vita, tena akamsimanga kwamba mama huyo hakumpenda vya kutosha. Na mwilini alikuwa amevaa koti la ngozi alilomvua Nikki baada ya kumuua! Roho anayo, penzi analo, na koti la marehemu bado liko mabegani. Mpwa wangu, hiyo ni toba gani? Mwizi wa mbuzi akitubu huku akiichuna ngozi, nani atamwitikia dua?

Hapa ndipo penzi linapofichua udhaifu wake. Spike aliitafuta roho kwa ajili ya mtu mmoja. Mbele ya huyo mmoja alikuwa mnyenyekevu. Mbele ya wengine aliowadhulumu alikuwa yuleyule. Penzi lilimfunza kumtazama Buffy, halikumfunza kuwatazama wafu wake. Angel, kwa ubaya wote wa laana yake, aliwatazama wafu kwanza. Na katika hao alikuwamo Drusilla, binti mchamungu ambaye Angel aliwaua jamaa zake wote, akamtia wazimu, kisha akamgeuza. Drusilla huyo ndiye aliyemgeuza William. Kwa hiyo Spike mwenyewe ni sehemu ya deni la Angel. Mashabiki huwapambanisha kama mafahali wawili, kumbe mmoja ni mdeni na mwingine ni deni.

Lakini haki itendeke pande zote. Angel naye alitiwa najisi na ujira. Mwaka 2000 alisomewa utabiri kwamba vampaya mwenye roho atarudishiwa ubinadamu, na tangu hapo mtumishi akawa kibarua anayengoja mshahara. Spike kwa upande wake aliamka. Mapema mwaka 2004, msichana mwenye wazimu alimkata mikono, akidhani ndiye aliyewaua wazazi wake. Hakuwa yeye. Ila Spike hakulalamika. Alisema kwamba hana uso wa kulalamika, kwa kuwa familia alizoziteketeza ni mamia, na hiyo kutokuwamo haimtakasi. Ule ndio usiku aliotubu, wala si ule wa pangoni.

Na mwisho wao uliwasawazisha. Spike aliteketea mwaka 2003 akiuokoa ulimwengu, na Buffy alipomwambia kwamba anampenda, alimjibu kuwa si kweli, akamshukuru kwa kusema. Ujira uliletwa mkononi akaurudisha. Baadaye alirudi duniani, na Angel mwaka 2004 alitia sahihi ya kuukana ule utabiri, kisha akaingia vitani bila ahadi yoyote. Kabla ya vita hivyo Spike alikwenda kilabuni kusoma shairi lake la mwaka 1880, na safari hii alishangiliwa. Nakiri kwamba macho yangu yalilowa. Hata hivyo, nashikilia neno langu: nia ya mtu isipimwe pale alipoanzia, ipimwe siku ujira unapoondolewa. Na kwa kufika siku hiyo, njia ya deni ni salama kuliko njia ya penzi, kwa kuwa deni humkumbusha mtu waliodhulumiwa, na penzi aghalabu humsahaulisha.

Lipo jambo la pango pia. Watungaji wa tamthilia hizo waliipa Galway jina, London jina, Los Angeles mitaa yake. Pango alimotafutia Spike roho walilionyesha kuwa liko Afrika, wakaishia hapo. Mapango yetu yana majina. Kule Mbaga liko pango la Mghimbi, na simulizi za wenyeji husema watu walijificha humo wakiwakimbia wawinda watumwa. Huko nako walikuwako wanyonya damu, na hao hawajaulizwa habari ya toba.

Hapo nafikia jambo linalonikera zaidi. Wapo wafasiri wanaomwita vampaya wa sinema "mumiani". Nawasihi waache. Mumiani ni neno lenye asili ya Kiajemi, jina la dawa nyeusi mithili ya lami. Na kamusi ya Krapf ya mwaka 1882 tayari yaeleza kwamba watu waliamini dawa hiyo hutengenezwa na Wazungu kwa damu ya binadamu. Mumiani wetu hana Galway wala London. Hana uso. Ni uvumi unaotafuta mtu wa kumvika. Februari 1959, huko Buguruni, Dar es Salaam, umati uliochochewa na uvumi huo ulimuua askari polisi. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, watafiti wawili wa udongo kutoka kituo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, waliuawa na kuchomwa moto kwa kudhaniwa kuwa wanyonya damu. Walikuwa wamekwenda kuchukua sampuli za udongo.

Mumiani hawezi kutubu kwa sababu hayupo. Aliyepo ni aliyepiga yowe, aliyeshika jiwe, aliyewasha kiberiti. Huyo ana roho tangu kuzaliwa. Hahitaji pango wala laana. Amelala nyumbani kwake, na yamkini amevaa koti la marehemu. Nauliza watunzi wenzangu wa mwambao na wa bara: tumemtungia beti ngapi? Penzi la William aliyechekwa tumelitunga kwa namna elfu. Deni la aliyeshika jiwe, ambaye ni jirani yetu, tumemwachia nani?

Juzi mpwa wangu alikuja tena, mikono ikinuka tangawizi, akaniuliza kama nimeshabadili mawazo. Nilimpa ubeti huu akasome njiani:

Roho si ya kununua, kwa penzi au laana,
Deni ukilitambua, lilipe pasi hiana,
Ujira ukichukua, huko ni kuuziana,
Wa kaburini wajua, haki haifi, kijana.

Aliusoma, akakunja karatasi, akasema bado yuko na Spike. Basi na awe naye. Ila amwambie alivue lile koti.