Kobe katika lopango yako



Mwezi huu tunajibu ulizo lenye vijana wanatuletea mara nyingi kiisha ibada: "Pasta, naweza kufuga kobe nyumbani? Wa kwanza alikufa ndani ya kartoni. Na jirani wanasema kobe ni mnyama wa wachawi." Tuanze na uchawi.

Soma Mwanzo 1:25. Wanyama wenye kutambaa ni kazi ya mikono ya Mungu, naye aliona kazi yake kuwa nzuri. Kobe hana ubaya wowote. Wazazi, muchunge ulimi wenu: katika miji yetu watoto wamefukuzwa nyumbani juu ya maneno ya namna hii. Sheria ya inchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009, yenye kulinda mtoto, inatoa azabu kwa mutu mwenye kumushitaki mtoto uchawi. Kama mtoto wako anapenda kobe, anapenda kobe tu.

Sasa, kobe mwenyewe. Huku kwetu Katanga kuko mmoja mwenye sehemu ya nyuma ya gamba lake inainama na kufunga sawa mlango. Huyo ni mnyama wa pori. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 inalinda viumbe vya pori, na mapatano ya CITES yanachunga biashara yake kati ya inchi na inchi. Basi, usimununue kwa mutu anayemuuzisha barabarani. Ukinunua mmoja leo, kesho ataenda kukamata wengine kumi. Kama ulimuokota juzi, umurudishe pale pale ulimutoa. Lakini kama amekaa kwenu miaka mingi, uliza watu wa mazingira, na wakati wa kungojea umupatie nyumba ya kweli.

Kwa nini wengi wanakufa? Kobe hana moto wake mwenyewe ndani ya mwili kama sisi. Anautafuta inje, kwa jua na kwa udongo. Ndani ya kartoni hakuna jua, hakuna pa kujificha. Sanduku ya vioo nayo ni mbaya: ukiiweka kwenye jua inamupika, na nuru yenye kukomaza mifupa haipite kwenye kioo.

Vyombo havipite uwezo wa familia. Chagua pembe ya lopango, angalau metre 2 kwa 2. Jenga ukuta wa matofali wa santimetre 50, na shina lake liingie chini santimetre 20, kwa sababu kobe anachimba. Usitumie waya: anaona inje, anasukuma mpaka anaumia. Upande mmoja uache jua liingie, upande mwingine weka kipande cha manjanja juu, na majani makavu mengi chini yake. Tia sahani ya maji yenye kina kidogo, apate kunywa bila kuzama. Badilisha maji kila siku.

Udongo utoke bustani. Hapana kuleta ule wa remblai ao wa pale wanasafishia mawe ya shaba na kobalti! Kobe anakula chini, na sumu ya mawe inaingia tumboni mwake.

Kwa chakula: lengalenga, majani ya bustani, uyoga wenye watu wanakula, konokono, jongoo, matunda kidogo. Ongeza maganda ya mayai yaliyosagwa, yanasaidia gamba. Hapana bukari, hapana mkate, hapana sombe mbichi. Mwezi wa 6 na wa 7, usiku wa baridi, atajificha na atakula kidogo sana. Ni tabia yake, usimulazimishe.

Neno moja kwa mama: kobe anaweza kubeba mikrobe ya salmonela hata akionekana mzima. Kila mwenye kumugusa anawe mikono na sabuni. Watoto chini ya miaka 5, wazee na mama mwenye mimba wasimuguse. Sahani yake isioshwe pamoja na vyombo vya jikoni.

Kijana, kobe anaweza kuishi makumi ya miaka. Utamaliza masomo, utatafuta kazi, utaoa, naye angali anangojea maji. Mezali 12:10 inatufundisha kama mwenye haki anajulikana hata kwa namna anatunza mnyama wake. Kama hauna nafasi ao wakati, kumuacha porini ni kumupenda pia.

Jioni hii, mezani, muulizane katika familia: ni kiumbe gani chenye Mungu ametuachia mikononi, na leo nani alikipatia maji?

Mungu awabariki.