Eti ukitaka uzuri sharti udhurike? Mimi nimekata kisigino!

Nimepotea, najua, testi zilinibana vibaya. Leo nina mada ya kina dada, ila kaka zangu msiondoke, na nyie mna yenu huko chini.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa na presentesheni. Mhadhiri alishatuambia mavazi rasmi. Nikatoa skuna zangu nyeusi, kisigino chembamba, sentimita 12 (nilipima kwa rula jamani). Kutoka hosteli mpaka darasani ni mlima na mawe, mnaoijua Mwanza mnanielewa. Nikatembea na ndala, skuna kwenye mkoba, nikabadilisha kwenye kimbweta kama wenzangu. Dakika ya tano mbele ya darasa vidole vinawaka moto. Hoja ya tatu, ile niliyoikeshea usiku kucha, sikuisema kabisa. Nilichotaka ni kukaa chini tu. Jioni ukucha wa kidole gumba ulikuwa umeshaanza kuwa mweusi.

Rumu meti wangu badala ya kunipa pole akanipa methali: ukitaka uzuri sharti udhurike. Halafu akanionyesha kwenye simu viatu vya ajabu, kisigino kirefu mpaka mguu umesimama wima, mvaaji anasimama kwa ncha za vidole kama mcheza baleti. "Huyu je, analia?" Kha!

Nikaingia kusoma kidogo. Kumbe wacheza baleti wenyewe hawavai kiatu kama kilivyotoka dukani! Marie Taglioni, aliyecheza La Sylphide kule Paris mwaka 1832 akisimama kwa ncha za vidole, alivaa viatu laini vya satini vilivyoshonwa nyuzi nyingi pembeni na mbele ili vimshike mguu. Mpaka leo mchezaji akipata pea mpya anaikunja soli, anashona riboni zake mwenyewe, wengine wanaigonga kwa nyundo ile sehemu ya mbele iliyokauka kwa gundi. Hao ndio kusimama kwa vidole ni kazi yao, na kiatu wanakirekebisha. Sasa sisi wa mtaani nani katuambia kwenda kwa fundi ni ushamba?

Ngoja niseme ukweli kwa nini mimi sikwenda mapema. Skuna hizi kaninunulia mama. Kwetu ni Nkome, Geita, pale mwaloni, na mama anaanika dagaa. Siku moja ya gulio akaziona kwenye mitumba, akatoa hela ya dagaa aliyokuwa ameipangia mambo mengine, akaninunulia "uvae chuoni kama wasomi wenzio". Namba ilikuwa 38, mimi navaa 39. Nikasema asante mama, zimenitosha. Likizo nikazivaa kanisani ili afurahi. Njia ya kwetu ni mchanga wa ziwa, kisigino chembamba kinazama kama msumari. Mdogo wangu alinishika mkono mpaka mlangoni, mama nyuma anatabasamu. Ningeanzaje kukikata kisigino hicho?

Basi Jumamosi, na ukucha wangu mweusi, nikaenda kwa fundi viatu wa hapo nje ya geti. Nikamwambia, "Shikamoo baba, naomba ukate nusu." Akacheka. Akanipa lekcha ambayo sijaipata darasani, na naigawa bure:

1. Kisigino hakikatwi ovyo. Ndani ya kiuno cha kiatu kuna bapa la chuma lililokunjwa kwa urefu ule ule wa kisigino. Ukikata sana, kiatu kinaangalia juu mbele kama mtumbwi na wewe unaanguka kinyumenyume. Yeye hapitishi sentimita 2. Changu alikata moja na nusu kwa msumeno, akarudisha kipira kipya chini, kipana kidogo kuliko cha zamani.

2. Kinachoumiza ni mteremko. Kisigino kikipanda, uzito wa mwili unahamia mbele kwenye vidole. Akabandika soli ya nusu sentimita mbele, mteremko ukapungua tena. Hapo ndipo nikaelewa raizoni! Bibi ana picha ya miaka ya 70 kavaa raizoni, nilikuwa nashangaa alitembeaje. Raizoni ni ndefu, lakini na mbele imenyanyuliwa, kwa hiyo mguu haujainama sana. Ukienda kununua pima nyuma, pima mbele, toa. Jibu ndilo utakalolivaa.

3. Mguu usiteleze. Aliweka sponji nyembamba chini ya nyama ya mbele ya mguu, na mkanda wa kupita juu. Bila mkanda mguu unateremka kila hatua na vidole vinagonga ukutani.

4. Kiatu kikibana, kinakaa kwenye kalibu. Changu kililala siku mbili. Ila alinionya, kalibu inaongeza upana, urefu hauongezeki. 38 haigeuki 39. Hapo alinigusa penyewe.

Gharama yote haikufika bei ya chipsi mayai mbili. Kiatu sasa nakivaa saa mbili bila kilio. Kutwa nzima hapana, sitawadanganya.

Jioni nikampigia mama nimkiri. Nilidhani ataumia. Akanyamaza kidogo, akasema: "Nilikununulia uvae, sikukununulia uteseke. Kwa nini hukusema ni ndogo? Yule muuzaji nilimjua, ningebadilisha." Wadau, nilikosa la kusema. Mwaka mzima natembea na maumivu kumlinda mtu ambaye hakutaka niumie.

Mtazamo wangu ni huu. Kuna wanaosema vumilia, ndiyo urembo. Kuna wanaosema skuna ni upuuzi, vaa kandambili. Wote wanatuamulia. Mimi napenda skuna, napenda na mlio wake kwenye sakafu. Ila kiatu ndicho kifuate mguu. Na anayetaka kuvaa flati kwenye presentesheni au fildi avae, asionekane hajajiheshimu. Wenzetu walishayapigania haya. Mwaka 2017 jimbo la British Columbia, Kanada, lilikataza waajiri kulazimisha wanawake kuvaa visigino kazini. Mwaka 2019 Yumi Ishikawa wa Japani alianzisha kampeni ya #KuToo, jina linalochezea maneno mawili ya Kijapani, kutsu yaani kiatu na kutsuu yaani maumivu. Kwao yanakaribiana kutamkwa, kwetu yanakaa ndani ya mkoba mmoja na ndala.

Kaka zangu wa viatu vya mchongoko, msicheke. Nawaona mkitoka lekcha mnachechemea. Fundi ni yule yule, na kalibu za kiume anazo.

Na wewe uliyeletewa zawadi isiyokutosha, sema mapema. Ukucha wangu bado haujaota.

Ni mtazamo tu. Nawasilisha.