Daftari la Wiki: Rangi Mbichi

Ukiona nyumba inapigwa rangi mwezi usio na Krismasi wala Idi, kuna harusi au kuna mteja. Wiki hii Nyasubi, mjini Kahama, ni mteja. Mwenye nyumba ni mtumishi mstaafu anayerudi kwao Kagera, na fundi alikuwa amempangia makopo mawili kibarazani achague, krimu au pichi. Dalali hakumpa nafasi. "Mzee, weka nyeupe, chini kijivu. Wateja wa siku hizi wanataka kama zile za kwenye simu." Mzee akakubali kwa sauti ya mtu anayeuza ng'ombe aliyemlea mwenyewe.

Nilikaa nikimtazama fundi. Ukuta wa mbele aliupiga mikono mitatu, wa ubavuni miwili, na alipofika uani akaongeza maji kwenye ndoo, akapiga mmoja. Nikamuuliza kulikoni. Akasema mteja akishafika uani moyo umeshanunua. Dalali alicheka. Mteja wa Kahama, alisema, huanzia uani. Anatazama shimo la choo liko wapi, limejaa au bado, na gari la majitaka litalifikia au litaishia getini. Anagonga simtanki kwa kidole asikie kama lina maji. Anauliza luku inasoma ngapi. Sebule yenye jipsam na taa za rangi anaiona mwishoni, akiwa anatoka.

* * *

Nyumba nyingi nzuri za Kahama zilijengwa kwa ajili ya mpangaji ambaye hayupo tena. Mgodi wa Buzwagi, uliozinduliwa 2009 jirani kabisa na mji, ulifikia mwisho wa uzalishaji 2021, na eneo lake likapangiwa viwanda. Wenye nyumba walikuwa wamejenga wakimuwaza mtu wa mgodini: kila chumba masta, tundu la kiyoyozi kwenye kila ukuta, bustani ya majani mbele. Anayenunua sasa mara nyingi ni mfanyabiashara wa mchele, na swali lake la kwanza ni kama Fuso linaweza kugeuka uani. Chumba kimoja cha masta atakifanya stoo kabla hata hajahamia.

Basi wauzaji wanarekebisha. Nimeona bustani iliyomwagiliwa miaka mingi ikifyekwa asubuhi moja na kumwagiwa kokoto ili uwanja uonekane mpana. Sikuihurumia sana. Bustani ya majani katika nchi hii ni ubishi na mbingu.

* * *

Geita. Hapa nyumba ina wateja wa aina mbili, na huwezi kuipamba ikawapendeza wote.

Wa kwanza ana mshahara na mkopo wa benki. Anataka nyumba tupu aone ukuta, na anataka hati, kwa sababu benki haitoi pesa kwa karatasi ya mwenyekiti wa mtaa. Huyu usimnunulie maua. Mtolee hati, ramani ya kiwanja na risiti za kodi ya ardhi, umwache azunguke peke yake.

Wa pili ni mchimbaji mdogo ambaye duara lake, yaani shimo lake la dhahabu, limetema. Tangu Machi 2019, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipozindua soko la dhahabu hapa mjini, mtu huyu anauza mzigo wake mchana kweupe, na jioni yuko Nyankumbu anatafuta nyumba. Tupu haitaki. Anataka alale humo leo, na kochi, na runinga ukutani, na friji inayounguruma, na mapazia yenye mikunjo. Kwa mteja huyu sebule ndiyo nyumba.

Dalali mmoja wa huko ana seti ya makochi ya zambarau ambayo haina kwao. Nailoni ya dukani haijatolewa, ukikaa inalia. Seti hiyo hupelekwa kwa guta kwenye nyumba inayouzwa, hukaa hapo wiki mbili tatu pamoja na zulia na meza ya kioo, na mteja akishalipa hugeuka kuwa "ya dada yangu, alikuwa ameiweka tu". Nilimuuliza dalali kama hajawahi kugombana na mtu. Amegombana. Mchimbaji mmoja aligoma kabisa, akasema alichonunua ni makochi, na nyumba ndiyo imekuja juu yake. Ikabidi dalali auze seti na kununua nyingine, rangi ile ile.

Bei nayo haitulii. Oktoba 2025 wakia moja ya dhahabu ilipita dola 4,000 katika soko la dunia, na mwenye nyumba wa Geita aliisikia taarifa hiyo redioni sawa na mchimbaji. Hakuongeza chumba wala tofali. Aliongeza bei.

* * *

Rwamgasa, mkoani Geita, kwa wachimbaji wenyewe, mapambo ni kusafisha uani, na kusafisha uani si jambo dogo. Rundo la marudio nyuma ya jiko, yaani mchanga ulioshaoshwa dhahabu mara ya kwanza, ni mali inayojitegemea. Wenye plenti za kuchenjulia wanaununua kwa sababu bado una kitu ndani. Muuzaji asipolitaja rundo hilo kwenye mkataba, mnunuzi atadai ni lake. Akilihamisha kabla, uwanja unabaki na kovu na maswali. Swali zito kuliko yote ni mahali walipokuwa wakichomea zebaki. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, lakini mkataba hauufagii uwanja. Nikinunua huko nitauliza hilo kabla ya kuuliza idadi ya vyumba, na nikiambiwa "hapo kwenye bustani ya mchicha" nitaondoka.

* * *

Adui mkubwa wa muuzaji ni ufa.

Pale Geita, wakazi wa maeneo kama Katoma na Nyamalembo wamelalamika miaka mingi kwamba milipuko ya mgodini inapasua kuta zao. Shinyanga adui yuko chini ya msingi: udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukinywa maji na kuachia ukikauka. Wazee wa Kisukuma waliupa udongo majina yake zamani. Luseni ni ule wa kichanga, itogolo ni ule mgumu, mbuga ni ule mweusi, na mtu aliyajua hayo kabla ya kusimamisha msonge au kupanda minyaa ya uzio. Siku hizi kiwanja kinauzwa kwa namba na kitalu, na udongo wake unaugundua ukishalipa.

Fundi mmoja wa Ndembezi, Shinyanga, alinifundisha namna ya kutazama. Ufa wa plasta tu ni mwembamba na unatangatanga kama unavyotaka. Ufa wa msingi unaanzia kwenye kona ya dirisha na kupanda kwa ngazi, ukifuata maungio ya tofali. Muuzaji anauziba kwa waiti simenti, anapiga msasa, anaskimu, anapaka. Kazi ikifanyika masika, udongo ukiwa umevimba na ufa umejibana, huoni kitu. Agosti unafunguka palepale. Kwa hiyo nyumba ya mbugani itazame kiangazi, hata kama dalali anakuambia kuna wateja wanne nyuma yako. Na kama ni lazima uitazame masika, tafuta kalenda. Kalenda kubwa ya benki iliyotundikwa chini kuliko kawaida, pembeni mwa dirisha, mahali ambapo hakuna mtu angesimama kuisoma: isogeze.

* * *

Maji. Shinyanga ilikuwa mji wa madumu, ikitegemea bwawa la Ning'hwa, hadi maji ya Ziwa Victoria yalipovutwa kutoka Ihelele, Misungwi, kwa mradi uliozinduliwa 2009. Watu waliokulia hapa bado hawaliamini bomba. Mwalimu mstaafu wa Ngokolo, anayeuza nyumba yake ahamie kwa binti yake Mwanza, aliambiwa na kijana wa udalali anunue mapazia mapya. Mama yule akamtazama. "Mwanangu, mapazia watayavua. Fungua bomba." Kila mteja akiingia, bomba la uani linakuwa wazi, maji yanaanguka kwenye beseni kwa kelele, na mama anajifanya amelisahau. Naliona ni pambo bora nililoliona mwezi huu, na halikumgharimu zaidi ya uniti chache.

* * *

Kanda ya Ziwa kuna nyumba zinazojengwa tangu msingi kwa ajili ya mnunuzi peke yake, na hazina mtu ndani. Nyamongo, kwa jirani zetu wa Tarime, karibu na mgodi wa North Mara, wanaziita tegesha. Ni kuta nne na bati, zimesimamishwa haraka mahali ambapo mgodi unatarajiwa kupanuka, zikimsubiri mthamini wa fidia. Hazina pazia wala kitanda. Mapambo yake ni yale yanayoingia kwenye fomu: bati linahesabiwa, mlango unahesabiwa, mpapai unahesabiwa.

Watu wa mjini wanapenda kuita hilo utapeli na kuishia hapo. Mimi naona aliyetegesha na yule aliyepaka mikono mitatu mbele na mmoja uani ni ndugu wa tumbo moja, ila mmoja mteja wake ni kampuni. Ninayemsikitikia ni wa tatu, aliyekaa pale tangu ujana wake, nyumba yake ina moshi wa miaka kwenye kenchi, na sasa anatakiwa athibitishe kwamba yeye si tegesha.

* * *

Barabarani. Kuna rangi moja ambayo muuzaji hakuipaka na anatamani isingekuwapo: alama ya X. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Waliokuwa ndani ya hifadhi ya zamani walipata X nyekundu, ya kuondoka bila fidia; waliofikiwa na upanuzi walipata ya kijani, ya kusubiri fidia. Kusubiri kwenyewe ni kurefu kiasi kwamba X nyingine zimefifia, na koti moja la kijivu linamalizia. Mnunuzi mwenye akili haulizi. Anachukua futi kamba, anaanzia katikati ya lami magari yakimpigia honi, anapima.

Kuta hizo hizo za barabarani ndizo kampuni za simu hupaka bure. Tigo ilipogeuka Yas mwishoni mwa 2024, nilidhani bluu ya zamani itaisha upesi. Baadhi ya maduka njia ya Kagongwa hayajapata habari.

* * *

Makaburi. Jambo hili madalali hawalipendi, lakini mtu wa Usukumani amezikwa nyumbani kwake tangu zamani, na mji ukikua unayakuta makaburi yakiwa uani. Lubaga, Shinyanga, nimeonyeshwa nyumba yenye mawili chini ya mwembe, yamewekwa marumaru mpya zilezile za sebuleni. Mtoto wa marehemu alidhani yakipendeza hayatatisha. Yametisha zaidi, marumaru zinang'aa kiasi kwamba unayaona kutoka getini.

Wapo wanaouliza kama hayawezi kuhamishwa tu. Sheria ya kuondoa makaburi ya 1969 inahusu ardhi inayotakiwa kwa manufaa ya umma, haikutungwa kwa ajili ya muuzaji anayetaka uwanja upendeze. Kinachowezekana, na nimeona kikifanyika, ni familia kukata kipande cha kiwanja chenye mwembe na makaburi kikabaki chao, na mkataba ukasema wana njia ya kupita. Bei inashuka. Lakini nyumba inauzika, na hakuna shangazi atakayekuja baada ya mwaka mmoja akilia getini.

* * *

Mke. Madalali wa Geita sasa wanamwambia muuzaji: mteja akija, mama awepo, na awe amekaa, asiwe jikoni. Sababu yake iko kwenye kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, kinachomzuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Wanunuzi wengi hawakijui kifungu kwa namba, lakini wanamjua mtu aliyelipa mamilioni kisha akakuta pingamizi mahakamani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hivyo mke aliyetulia kwenye kochi, akiuliza maswali, akitaja ni mwaka gani walipaua, anaongeza thamani kuliko jipsam. Akiwa amenuna, mteja anaona. Akiwa hayupo "amesafiri kidogo", mteja anaaga kwa heshima na hapokei simu tena. Nimeshangaa kwamba imechukua biashara ya nyumba kutufanya wanaume tuwakumbuke wake zetu wakati wa kuuza.

* * *

Ndembezi, ukutani, kwa rangi nyekundu na herufi za mkono: NYUMBA HII HAIUZWI. Maandishi haya yako kila mji wa Tanzania, nayo huwekwa kuwazuia matapeli na ndugu wenye tamaa. Kijana wa udalali niliyekuwa naye alisimamisha pikipiki pale pale. Kwake yeye tangazo hilo linamaanisha familia imeshagombana, na palipo na ugomvi kuna mmoja mwenye haraka. Akabisha hodi. Mzee akatoka, tukamwamkia, akatupa viti. Kijana akauliza kwa adabu zote kama kweli nyumba haiuzwi.

Mzee akatazama barabarani kwanza, kushoto na kulia, akauliza tuna shilingi ngapi.