Scrooge Tunayemjua Hapa Nakuru

Kila Krismasi ikikaribia, ubishi huzuka nyumbani kwangu hapa Nakuru: ni sinema ipi iliyokitendea haki kisa alichokiandika Charles Dickens mwaka 1843? Ni kile cha Scrooge, tajiri bahili wa London, aliyetembelewa na mizimu usiku wa kuamkia Krismasi, akaamka mtu mwema.

Wanangu huitaka ile ya 1970, ambamo Albert Finney anaimba na kucheza. Ni tamu, sikatai, lakini nyimbo hizo hunisahaulisha njaa ya maskini. Mke wangu haoni nyingine ila ile ya 1951, isiyo na rangi, ya Alastair Sim. Humo twaonyeshwa jinsi kifo cha dada yake kilivyoufanya moyo wa Scrooge kuwa mgumu.

Mimi nachagua ile ya 1984. Mwongozaji wake, Clive Donner, ndiye aliyekuwa mhariri wa picha ile ya 1951, lakini hii yake ina jambo ambalo halimo kitabuni. Scrooge, yaani George C. Scott, ameficha nafaka ghalani. Wafanyabiashara wakiikataa bei yake, anaipandisha. Wakimwambia mkate utakuwa ghali na maskini wataumia, hajali.

Mwaka mmoja tulitazama pamoja na jirani yetu, mzee mkulima wa Rongai. Kiingereza hakijui sana, lakini ilipofika hapo akasema, "Huyo namjua."

Nani asiyemjua? Desemba mahindi yanatoka mashambani Rongai, Njoro na Subukia, na karo ya Januari inabisha hodi. Mkulima anauza kwa bei ya kutupa. Mlanguzi anayaweka magunia, na ifikapo Juni mkulima yule yule ananunua unga kwa bei ya kuumiza.

Hata hivyo, sinema hiyo nayo ina kasoro. Scrooge anapotubu, anampelekea karani wake kitoweo, anamwongeza mshahara, na anatoa sadaka. Mambo mema hayo. Lakini ile nafaka je? Haitajwi tena.

Ndugu msomaji, hapa kwetu pia tumewazoea matajiri wagawao unga na mafuta siku ya Krismasi, tukawapigia makofi. Kitoweo cha siku moja hakiondoi njaa ya Juni. Atakayetengeneza sinema ya Scrooge akilifungua ghala lake, huyo nitamvulia kofia.