Muhogo wa siku tatu na akili ya mtoto



Mtoto akishindwa darasani, mara nyingi tunamwita mvivu, au tunamlaumu mwalimu. Lakini wako wataalamu wanaopima akili za watoto na kuandika waliyoyaona katika majarida ya elimu. Habari yao moja ilitoka hapa Kongo, na inatuhusu sisi tunaopika.

Mwaka 2013 jarida Pediatrics la Marekani lilitoa utafiti wa Michael Boivin, Désiré Tshala-Katumbay na wenzao. Ulifanywa Kahemba, kusini-magharibi mwa nchi yetu, karibu na Angola. Huko kuna konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla, hasa ya watoto na wamama, nao hauponi. Unawapata watu wanaokula sana muhogo mchungu ambao sumu yake haikutoka vizuri, na mboga yao ni haba.

Watoto walipewa mitihani midogo: kukumbuka mambo, kupanga maumbo, kutumia mikono. Wenye konzo walikuwa nyuma. Lakini hata watoto wa majirani, wanaotembea vizuri, walikuwa nyuma kuliko watoto wa eneo lisilo na konzo.

Tukae hapo kidogo. Mtoto anakimbia, anacheza mpira, kumbe sumu imekwisha kumgusa kichwani.

Sasa tuseme ukweli wetu. Tunajua muhogo mchungu hulowekwa siku tatu. Mama zetu walitufundisha hivyo. Lakini watoto wakilia njaa, au siku ya soko ikifika, au tukiwa mbioni kwa sababu ya vita, tunautoa siku ya pili. Tunauanika, tunatwanga, na unga unaonekana mweupe kama kawaida. Weupe wa unga hauonyeshi kwamba sumu imetoka.

Iko njia ya kusaidia unga huo, iliyotengenezwa na Howard Bradbury wa Australia na kufundishwa kwa wamama wa Kongo. Tia unga katika bakuli, weka alama ndani pale unga unapofikia. Ongeza maji huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza; endelea mpaka urudi kwenye alama. Utandaze juu ya mkeka, usizidi unene wa kidole chembamba. Uache saa 2 juani, au saa 5 kivulini. Sumu itatoka kama hewa. Songa bugali siku hiyo hiyo, maana unga uliolowa hauwekwi.

Njia hii haiondoi kazi ya kuloweka, inaongezea. Na bugali tusiupeleke mezani peke yake: maharagwe na ndagala vinausaidia mwili kushinda sumu inayobaki.

Katika mkutano ujao, kila kikundi kilete bakuli, mkeka na kopo moja la unga. Tutafanya pamoja. Na mama aliye na mgeni mkimbizi nyumbani amlete pia, kwa kuwa yeye ndiye mwenye haraka kuliko sisi sote.