Kulanti imemwagikia mkanda wa injini: maji kwanza, pesa baadaye

Wiki hii nimepata ujumbe kutoka kwa mama mmoja wa Pasiansi, Mwanza. Anaandika hivi:

"Shikamoo mzee. Juzi jioni mume wangu aliongeza kulanti kwenye IST yetu, mkono ukateleza, nyingine ikamwagikia kwenye mikanda ya injini. Asubuhi nawasha niwapeleke watoto shule, gari likapiga kelele kama filimbi hadi majirani wakatoka nje. Fundi wa jirani anasema mkanda umeharibika, na puli ya altaneta nayo imeshakwenda, tulete shilingi 180,000. Mwingine kasema tupake sabuni ya mche tu. Hela tuliyonayo ni ya ada. Tufanye nini?"

Marahaba mwanangu. Hela ya ada iacheni hapo hapo ilipo kwanza.

Kulanti ni maji yaliyochanganywa na kemikali inayoitwa ethilini glaikoli pamoja na dawa za kuzuia kutu. Glaikoli inateleza. Ikiingia kati ya mkanda na puli, mkanda unashindwa kushika, unateleza, na hiyo ndiyo filimbi mliyoisikia. Ikikaukia hapo huacha utando unaonata, kelele zinaendelea. Lakini mpira wa mikanda ya siku hizi hauliwi na kulanti kwa usiku mmoja. Oili ndiyo adui wake mkubwa: hiyo huufanya mpira uvimbe na kulainika. Kwa hiyo anayewaambia mnunue mkanda na puli bila hata kuosha, mwambieni asubiri.

Dawa yake ni maji safi, mengi. Zimeni injini, toeni ufunguo, ngojeni ipoe kabisa. Maji ya baridi kwenye injini ya moto si jambo la kujaribu. Funikeni altaneta kwa kipande cha nailoni, maana ile ni mashine ya umeme. Kisha mwagieni mkanda maji taratibu kwa kopo au mpira wa bustani usio na presha kubwa, muufute kwa kitambaa safi hadi ndani ya ile mifereji yake, na puli vilevile. Mkanda hauoni maji pande zote ukiwa umesimama, hivyo mume wako auzungushe kidogo kwa spana kwenye nati ya puli kubwa ya chini, ufunguo ukiwa mfukoni mwake, halafu mrudie. Acheni ukauke. Mkiwasha, unaweza kulia dakika chache ndipo unyamaze.

Sabuni ya mche, hapana. Inanyamazisha kelele kwa muda, basi. Mkanda unabaki unateleza, uchafu unaganda kwenye mifereji. Grisi na oili ni mbaya zaidi. Petroli ya kusafishia sitaki hata kuisikia, inakausha mpira na inaweza kuwachomea gari.

Msipuuze mkanda unaoteleza kwa sababu tu gari linatembea. Kwenye IST mkanda huo huo unazungusha altaneta na pampu ya maji. Taa ya betri ikiwaka, au taa ya joto ya injini ikiwa nyekundu, simameni pembeni hata kama mmeshafika Kirumba na shule iko mbele tu. Injini iliyochemsha itakula ada ya mwaka mzima. Wenye Noah za zamani zenye injini ya 3S wana jambo la ziada: ndani ya kava kuna mkanda wa taimingi. Kulanti ikiingia humo, hapo fundi afungue aone, maana ule ukikatika gari linazimika barabarani.

Sasa swali ambalo fundi wenu hakuuliza: je, kweli ilimwagika tu? Baada ya kuosha, laza kipande cha boksi chini ya injini usiku kucha. Asubuhi kikiwa kikavu, na maji kwenye rezeva hayajashuka, kazi imekwisha. Kikiwa na madoa ya rangi ile ile, kuna mahali panavuja. Angalieni hosi, rejeta, na pampu ya maji yenyewe. Pampu iliyochoka hudondosha kidogo kidogo na kuacha ukoko kando yake, na tone hilo mara nyingi huangukia mkanda. Hapo kununua mkanda mpya bila kubadili pampu ni kutupa pesa. Na kama umeosha, pakavu, hakuna kinachovuja, lakini baada ya siku mbili bado unalia au una nyufa, basi nunueni mkanda. Mkanda tu.

Mwanangu, kuhusu gari nimemaliza, ila kuna kitu ambacho hukukiuliza. Ile iliyodondoka chini iko wapi?

Kulanti ni tamu. Ina rangi ya kijani au ya waridi, kama juisi, na ni sumu. Vijiko vichache vya chakula vinaweza kumuua mtoto mdogo. Mbwa na paka nao huilamba wakafa. Mwagieni mchanga au maranda, vikisha kunyonya zoeni mtie kwenye kiroba, kisha oshea mahali hapo. Maji ya kuoshea mkanda yakingeni kwa beseni, msiyaachie mtaroni, maana mitaro yetu huishia ziwani. Iliyobaki ikae kwenye dumu lake lenye maandishi, juu, palipofungwa. Nimeona nyumba nyingi zikiiweka kwenye chupa ya soda chini ya kochi, na hilo linanitisha kuliko mkanda wowote.

Mtoto akiinywa huanza kuyumba kama mlevi, anasinzia, anatapika. Baadaye anaweza kuonekana kapata nafuu, kumbe mwili unaigeuza kuwa asidi inayoharibu figo. Msimtapishe, msimpe maziwa mkangoja kesho. Mkimbizeni Sekou Toure au Bugando saa hiyo hiyo, hata kama anacheza, kwa sababu dawa ipo lakini inataka kuwahiwa. Na dumu lenyewe mwende nalo, daktari asome kilichoandikwa.