Mwanagenzi au mchemsha chai wa saiti?

Kijana mwenzangu unayesoma gazeti hili kijiweni, labda la kuazima, ngoja nikuulize swali moja kabla hujafungua ukurasa wa michezo. Ukisikia kampuni ya uhandisi imeingia kwenu na inatafuta "mwanagenzi wa usimamizi wa miradi", si utakimbilia? Najua utakimbilia. Jina lenyewe linanukia ofisi, kompyuta na kofia ngumu nyeupe. Lakini uliza kwanza: utashika nini? Utashika ratiba na daftari la malipo, au utashika birika?

Nauliza kwa sababu sisi wa Nachingwea na Ruangwa, kuanzia Mtua mpaka Matambarale, tumeona miradi mingi ikija na kuondoka. Inakuja na magari, inaondoka na magari. Sisi tunabaki na vumbi.

Kama kuna mahali duniani pangestahili kuwa na shule ya usimamizi wa miradi, ni Nachingwea. Wala sitanii! Mwaka 1946 Waingereza walituma ujumbe wa watu watatu, ukiongozwa na John Wakefield aliyewahi kuwa Mkurugenzi wa Kilimo Tanganyika, kuja kuangalia kama ardhi yetu inafaa kwa karanga. Walizunguka Afrika Mashariki na Kati kwa wiki 9, sehemu kubwa wakitazama chini kutoka kwenye ndege. Wakarudi na mpango wa mashamba 107, kila moja ekari 30,000. Mashamba 55 kati ya hayo yalipangwa kuwa katika Jimbo la Kusini, yaani kwetu. Karanga kabla ya kipimo cha mvua! Matrekta kabla ya barabara! Hapakuwa na bandari ya kina kirefu, ikabidi ianze kujengwa Mtwara. Hapakuwa na reli, ikajengwa. Januari 1951 Serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba mradi umekufa, na paundi milioni 36 zikafutwa vitabuni. Reli nayo haikufika mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifungwa na vyuma vikang'olewa. Leo Nachingwea tuna kata inaitwa Stesheni. Treni haipo, ila diwani yupo.

Wazee wetu walikuwepo pale. Walifyeka, walichimba, walibeba. Ratiba haikuwa mikononi mwao, na mzee aliyejua mvua inaanza lini na kukatika lini hakuulizwa.

Sasa niambie, kimebadilika nini?

Kuna watu wanatutisha kwamba usimamizi wa miradi ni elimu ya wenye suti, kwamba sisi wa kidato cha nne na cha sita tusiisogelee. Uongo mtupu! Chukua kalvati moja la barabara. Kabla zege halijamwagwa lazima shimo lichimbwe, maji yaelekezwe pembeni, nondo zisukwe, mhandisi mshauri akague na atie saini. Zege likishamwagwa linamwagiliwa maji kwa siku kadhaa ndipo likomae. Saruji ikiletwa kabla shimo halijawa tayari, inaganda stoo. Saini ikichelewa, vibarua wanakaa kivulini na mtambo wa kukodi unahesabiwa siku. Kazi moja ikikwama, zile zinazoitegemea zinakwama zote. Hiyo ndiyo elimu yenyewe: kujua ipi inatangulia ipi, nani analipwa lini, na mvua ikinyesha hasara ni ya nani. Mama yako anayepanga kupalilia, kuvuna korosho na kulipa ada ya shule kwa mfuko mmoja anaijua nusu yake.

Na hiyo mvua usiidharau. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika maeneo ya Somanga na malori yakalala njiani. Mradi wowote wa Kusini uliokuwa unasubiri saruji au mafuta kutoka Dar ulisimama. Kwenye saiti, yule anayeandika katika daftari kwamba kazi ilisimama kwa mvua na si kwa uzembe ndiye anayetoa ushahidi wa kama mkandarasi ataongezewa muda au atakatwa fidia ya kuchelewa. Yule anayepima kazi iliyofanyika na kuandaa hati ya malipo ndiye anayejua shilingi imetoka wapi na imekwenda wapi. Hapo ndipo pesa ilipo, ndugu yangu. Haipo kwenye sururu.

Ndiyo maana mlango wa chumba hicho unafungwa.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kukaa miezi mitano kwenye kampuni moja ya uhandisi, jina nalihifadhi, akiitwa mwanagenzi. Kazi zake zilikuwa kununua vocha, kupiga fotokopi, kuandika majina ya wageni getini na kumfuatia bosi chapati. Ratiba ya mradi ilibandikwa ukutani, ndani ya chumba ambacho aliingia kufagia tu. Siku alipouliza kwa nini mstari mwekundu umesogea mwezi mzima mbele, aliambiwa, "Dogo, hiyo si saizi yako." Mwishoni akapewa cheti chenye muhuri kwamba amepata mafunzo. Mafunzo ya nini? Ya chapati?

Usidhani sheria hazipo. Zipo, tena zimepigwa pasi. Sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wageni inamtaka mwajiri mwenye wataalamu wa nje awe na mpango wa kuwarithisha Watanzania ujuzi huo. Kanuni za madini za mwaka 2018 zinaitaka kampuni ya madini iwasilishe mpango wa ajira na mafunzo kwa wazawa. Mwaka 2017 Ofisi ya Waziri Mkuu ilitoa miongozo ya uanagenzi. Wahandisi wenye shahada wanao utaratibu wao tangu 2003 chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, miaka mitatu kamili, na kila wanachojifunza kinaandikwa na kusainiwa na mhandisi anayewasimamia. Huo ni utaratibu wa maana, sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni huu: kijana wa VETA Lindi, au wa kidato cha nne mwenye akili ya hesabu, daftari lake la kusainiwa liko wapi? Ule mpango wa mafunzo uliowasilishwa na kampuni ya kinywe, nani pale Ruangwa amewahi kuuona? Ruangwa imetoa Waziri Mkuu kwa miaka kumi, kuanzia 2015 hadi 2025. Kama karatasi hiyo haikuweza kufika kijijini wakati ule, itafika lini?

Na anayesema mambo haya ni madogo atazame kilima cha Ntaka, hapo hapo Nachingwea, kwenye nikeli. Serikali ilibadili sheria ya madini mwaka 2017, leseni hodhi zikafutwa, mwekezaji akaenda kushitaki kwenye baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia. Mwaka 2023 tukaamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 109. Mwaka 2024 vigogo wakakubaliana zilipwe dola milioni 90, ambazo ni zaidi ya shilingi bilioni 200. Kwa mgodi ambao haujachimbwa! Sisemi mwekezaji alikuwa malaika. Nasema kwamba hatari ya kushitakiwa ni mstari mmoja katika mpango wa mradi wowote, na aliyetakiwa kuuona ama hakuuona ama aliuona akanyamaza. Mlipaji ni mimi na wewe tunaokatwa kodi kwenye soda.

Halafu wanatuambia vijana hatujaiva. Mbona TAZARA iliwezekana? Reli ya kilomita 1,860, ilijengwa 1970 hadi 1975, na mwaka 1972 vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea kazi za reli. Nchi ilikuwa maskini kuliko leo, ila ilijua kwamba mjenzi ana siku ya kurudi kwao.

Kusini tumekwishaitoa nchi hii jina la machinga. Vijana wa kwetu walitembeza bidhaa mabegani Kariakoo mpaka kabila likageuka jina la biashara. Mtu anayeweza kununua, kugawa, kukopesha na kukimbia mgambo kwa siku moja, eti hawezi kusoma ratiba ya kalvati?

Kwa hiyo ukiitwa kwenye huo uanagenzi, usikatae. Nenda. Lakini siku ya kwanza omba mkataba wa maandishi unaosema utafundishwa nini na nani, na posho yako ni kiasi gani. Omba kuhudhuria kikao cha saiti, hata kama ni kwa kusimama ukutani. Omba kuandika daftari la kila siku, na fomani alisaini. Wakikuambia si saizi yako, waulize saizi hiyo inapimwa kwa futi gani. Na ninyi mlioko Nachingwea na Ruangwa mjini, vikao vya baraza la madiwani ni vya wazi, mwananchi anaruhusiwa kuingia na kusikiliza. Ingieni. Kisha mshikeni diwani wenu mlangoni mumuulize: katika kila mradi uliopo wilayani, kijana gani wa hapa yumo katika chumba cha ratiba, na anaitwa nani?